Haibridi Yako Inakula Lita Ngapi Kweli? Namna ya Kupima na Mahali pa Kubana

Toyota Prius ni haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Ile ya kizazi cha tatu, ya injini ya lita 1.8 iliyotoka mwaka 2009, imewahi kupewa namba tatu za ulaji wa mafuta, na zote tatu ni halali. Kipimo cha zamani cha Japani, 10-15, kiliipa toleo jepesi la L kilomita 38 kwa lita. Kwa kipimo kilichofuata, JC08, toleo hilohilo likaandikiwa 32.6. Marekani, kupitia shirika lao la mazingira la EPA, Prius ya kizazi hicho iliandikiwa maili 50 kwa galoni, yaani kilomita 21 na ushee kwa lita. Matoleo yanatofautiana uzito kidogo, lakini si kwa kiasi cha kuzaa pengo kama hilo. Kilichotofautiana ni namna ya kupima.

Sasa mtu ananunua haibridi akiwa na 38 kichwani, anapata 16, anaanza kumshuku aliyemuuzia, fundi, hadi mhudumu wa pampu. Pengine gari ni bovu kweli. Pengine ni zima kabisa, ila ndivyo safari zake zilivyo. Kwa macho hujui, na kwa kusikiliza wenye magari kama lako ndiyo hujui kabisa, maana kila mmoja anataja tenki lake bora kuliko yote.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Usianze kubadilisha vipuri kabla hujamaliza hatua ya 5.

Hatua ya 1: Jua namba ya kiwandani ilikotoka

Namba za kwenye karatasi hupatikana gari likiwa juu ya roli ndani ya chumba, likiendeshwa kwa ratiba ya mwendo iliyopangwa sekunde kwa sekunde. Ratiba ya 10-15 ilikuwa ya upole mno. Mwendo wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa, kiyoyozi kimezimwa, na injini ilikuwa imeshapashwa moto kabla saa haijaanza kuhesabu. Likumbuke hilo la injini moto, tutalirudia. JC08 ilipandisha mwendo hadi kilomita 80 na kitu na kuingiza kipande kinachoanza na injini baridi, na hapo hapo namba zikashuka. Ulaya nako walikuwa na kipimo cha NEDC, kikaanza kuachiwa nafasi na WLTP kuanzia Septemba 2017. EPA tangu magari ya modeli ya 2008 inahesabu pia mwendo wa kasi, kiyoyozi na baridi, ndiyo maana namba yake huwa karibu zaidi na maisha ya kawaida.

Kwa hiyo tafuta namba ya EPA ya gari lako, uichukue kama lengo. Kama gari lako halikuuzwa Marekani na una namba ya JC08 tu, punguza theluthi moja, utakuwa hujakosea sana.

Kugeuza vipimo ni rahisi. Lita kwa kilomita 100: gawanya 100 kwa namba hiyo, upate kilomita kwa lita. Maili kwa galoni ya Marekani: gawanya kwa 2.352. Galoni ya Uingereza ni kubwa zaidi, lita 4.546 dhidi ya 3.785, kwa hiyo maili zao zigawanye kwa 2.825. Wengi huchanganya galoni hizi mbili na kujipa furaha isiyokuwepo.

Hatua ya 2: Jua haibridi yako ni ya namna gani

Neno "haibridi" limebandikwa nyuma ya magari yasiyofanana hata kidogo.

Kuna haibridi nyepesi, ambayo mota yake ndogo inasaidia tu injini wakati wa kuondoka na kuiwasha baada ya kuzimwa kwenye taa. Haiendi kwa umeme peke yake, au ikienda ni kidogo sana. Usiitegemee ikupe maajabu.

Kuna haibridi kamili, kama Prius na Aqua, inayoweza kuzima injini huku gari likitembea. Mwongozo huu unaihusu hii zaidi. Nissan Note ya e-Power, iliyotoka mwishoni mwa 2016, nayo imo humu ila kwa staili yake: injini haizungushi magurudumu kabisa, inazalisha umeme tu. Mjini inapendeza, kwenye barabara ndefu ya kasi faida yake hupungua.

Halafu kuna ya kuchomeka kwenye umeme. Hii ndiyo yenye namba za uongo kuliko zote, na uongo wenyewe unatokana na hesabu. Ukitembea kilomita 400 kwa lita 12 za petroli, unasema "napata 33 kwa lita", lakini umesahau uniti 45 za umeme ulizochaji nyumbani. Andika vyote viwili, lita na uniti, na usivigeuze kuwa namba moja. Tume ya Ulaya ilipokusanya takwimu zilizorekodiwa na kompyuta za magari yenyewe, ikatoa ripoti mwaka 2024, magari ya kuchomeka yalionekana kutoa hewa ya kaboni mara 3.5 ya ilivyoandikwa maabara, kwa wastani. Magari ya kawaida ya petroli na dizeli yalizidi kwa kama asilimia 20. Sababu kubwa ni kwamba wenye nayo hawachomeki mara nyingi kama kipimo kilivyodhani.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu ni dogo la kurasa arobaini, limefungwa kalamu kwa mpira, linakaa kwenye droo ya dashibodi. Simu ingefaa pia, lakini pale kwenye pampu, huku nyuma kuna mtu anapiga honi, kalamu huwa haraka.

Utaratibu ni huu. Jaza tenki mpaka nozeli ijikate yenyewe mara ya kwanza. Ishia hapo. Usimwambie mhudumu aongeze "kidogo kidogo" hadi namba izunguke, kwa sababu hicho kidogo hutakirudia sawasawa safari ijayo. Sifurisha mita ya safari. Tembea mpaka tenki libaki robo. Rudi kwenye pampu ileile ukiweza, uegeshe upande uleule, ujaze tena hadi ijikate. Andika tarehe, kilomita, lita, na kile kompyuta ya gari inachosema.

Kilomita gawanya kwa lita. Basi.

Kwa nini robo na si nusu? Nozeli mbili hazijikati mahali pamoja. Tuseme zimetofautiana lita moja na nusu. Ukiwa umejaza lita 15, hilo ni kosa la asilimia 10, yaani gari la 20 linaweza kuonekana la 18 au la 22. Ukiwa umejaza lita 35, kosa linashuka hadi asilimia 4. Na ukijumlisha matenki manne, kosa hilo linayeyuka karibu lote, kwa sababu kilichozidi tenki hili kinapungua tenki lijalo. Kwa hiyo tenki moja halikuambii kitu. Matatu yanaanza kusema, matano ni ushahidi.

Kuna Prius za kizazi cha kwanza na cha pili zilizouzwa Amerika Kaskazini ambazo ndani ya tenki zina mfuko unaonywea na kutanuka. Mfuko huo, hasa kwenye baridi, hukubali mafuta mengi leo na machache kesho. Mwenye gari hilo ahesabu matenki kumi, wala asijisumbue na moja moja.

Kosa lingine hufanywa na watu wenye akili zao: kuchukua wastani wa wastani. Tenki la kwanza kilomita 612 kwa lita 31.4, hiyo ni 19.5. La pili kilomita 248 kwa lita 18.2, hiyo ni 13.6. Ukijumlisha 19.5 na 13.6 ukagawa kwa mbili unapata 16.55, na si kweli. Jumlisha kilomita zote, 860, ugawe kwa lita zote, 49.6. Jibu ni 17.3.

Baada ya matenki matatu linganisha na dashibodi. Kompyuta nyingi za magari hutia chumvi kwa asilimia kadhaa. Kama skrini inasema 21 na pampu inasema 19.6, gawanya 19.6 kwa 21, upate 0.93. Hicho ndicho kipunguzo cha gari lako. Tangu siku hiyo skrini inakuwa na maana: lolote itakalosema, zidisha kwa 0.93.

Hatua ya 4: Ihakiki odomita

Hatua hii ni fupi, lakini wengi huiruka. Soma namba za ubavuni mwa tairi, kisha soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kama kibandiko kinasema 185/65R15 na wewe umefunga 195/65R15, tairi lako ni kubwa kwa kama milimita 13 za kipenyo, asilimia 2 na kidogo. Kila odomita ikihesabu kilomita 100 umetembea 102, na daftari linakuonea. Ukifunga dogo ni kinyume chake, unajisifu bure. Hakikisha kwa ramani ya simu kwenye safari ndefu iliyonyooka: kilomita 50 za simu, odomita imesema ngapi?

Hatua ya 5: Zitenganishe safari zako

Hapa ndipo penye mambo. Kama utasoma hatua moja tu katika mwongozo huu, soma hii.

Namba unayoipata ni ya safari zako kuliko ya gari lako. Haibridi ileile, dereva yuleyule, inaweza kutoa 11 asubuhi na 23 jioni, na haina ugonjwa wowote.

Prius zina ukurasa kwenye skrini unaochora ulaji kwa nguzo, kila nguzo dakika tano. Washa gari likiwa limelala usiku kucha, ufungue ukurasa huo, uendeshe kama kawaida. Nguzo ya kwanza ni kifupi cha kusikitisha, kumi, kumi na mbili. Ya pili inajitutumua, kumi na sita, kumi na nane. Kuanzia ya tatu ndipo gari linaanza kufanana na sifa zake. Barabara haikubadilika, mguu haukubadilika. Injini imepata moto.

Kinachotokea ni hivi. Gari likiwaka baridi, kwa kama dakika moja injini inachoma mafuta kwa ajili ya kupasha moto chujio la moshi kwenye bomba la ekzosi, huku betri ikifanya kazi kubwa ya kulisukuma gari. Baada ya hapo injini inaendelea kuwaka hata ukisimama, mpaka maji ya rejeta yakaribie nyuzi 70. Muda wote huo, ule ujanja uliokufanya ununue haibridi, kuzima injini kwenye foleni na kuserereka kwa umeme, haupo au upo nusu. Gari la petroli la kawaida nalo linaumia asubuhi, lakini haibridi inaumia zaidi kwa asilimia, kwa sababu ndiyo yenye cha kupoteza.

Jamaa mmoja aliniletea lawama kwamba gari lake limeharibika, linatoa 12. Nikamuuliza kazini kwake ni umbali gani. Kilomita tatu. Anakwenda asubuhi, anarudi mchana kula, anarudi kazini, anarudi nyumbani jioni. Mara nne kwa siku injini inapashwa moto, na mara nne inazimwa pale inapokaribia kuwa tayari. Tulilichukua gari hilohilo Jumapili, kilomita 60 moja kwa moja, kwa mwendo wa 80. Likatoa 22.

Kwa hiyo kwenye daftari ongeza safu moja: safari fupi, mjini, au barabara kuu. Mita ya safari A iache ihesabu tenki zima, B isifurishe kila safari kwa wiki mbili. Utaona mwenyewe mafuta yako yanakokwenda.

Ukishaona, kuna mambo mawili ya kufanya, na hayahitaji hata bisibisi. La kwanza, unganisha safari. Ukiwa na sehemu tatu za kupitia, anza na ya mbali, ili hizo za karibu uzifanye injini ikiwa bado moto. La pili, usiliache gari likingurume uani eti linapasha. Injini inayowaka gari limesimama inatoa kilomita sifuri kwa lita. Washa, funga mkanda, ondoka polepole. Litapata moto njiani.

Hatua ya 6: Likague gari

Sasa tunaweza kugusa gari. Anza na visivyo na gharama.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla ya kutembea, kwa kiwango cha kibandiko. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote inakula kama asilimia 0.2 ya mafuta. Ni ndogo, lakini matairi yaliyosahaulika hupungua psi 8 au 10 bila kuonekana kwa macho. Aina ya tairi nayo ina mchango: haibridi nyingi hutoka kiwandani na matairi mepesi kuviringika, na siku ukifunga ya kawaida unaweza kuona namba imeshuka bila sababu nyingine.

Breki inayoshika. Haibridi hutumia pedi kidogo kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo, na kwa hiyo pini za kalipa hukaa bila kazi, zinaota kutu na kukwama. Baada ya safari ya barabara kuu ambayo hukufunga breki sana, simama, upitishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likitoa joto kuliko mengine, hapo pameshika. Usukani unaovuta upande mmoja nao ni alaimenti, kapime.

Oili iwe ya wepesi ulioandikwa kwenye kitabu, na isizidi kipimo. Prius ya kizazi cha tatu imeandikiwa 0W-20, inachukua lita 4.2 ikibadilishwa pamoja na filta. Fundi akimimina galoni lote la nzito "ili injini ikae", ulaji wa petroli utaongezeka na injini haitamshukuru.

Halafu feni ya betri kubwa. Pembeni ya kiti cha nyuma, au chini yake kwa baadhi ya magari, kuna tundu lenye kimia ambalo hunyonya hewa ya ndani ya gari kwenda kupoza betri. Watu hutupia mabegi na makoti hapo, watoto hujaza makombo, na vumbi na nywele hujikusanya hadi feni inakuwa kama imevaa sweta. Betri ikipata joto kompyuta inaipunguzia kazi, na kazi hiyo inarudi kwa injini, yaani kwenye petroli. Chomoa kifuniko, safisha. Ukifika kwenye feni yenyewe na hujawahi, mpe fundi wa haibridi. Nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme wa volti nyingi na zinaua, usizicheze.

Petroli ya oktani kubwa kuliko kitabu kinavyotaka haiongezi kitu. Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vidonge vya tenki, hivyo hata nafasi sivipi.

Hatua ya 7: Fundisha mguu

Watu huambiwa haibridi iendeshwe kama umebeba trei ya mayai. Si kweli yote. Ukiondoka polepole mno, unalazimisha betri ilisukume gari muda mrefu, na umeme huo ulitoka kwenye petroli. Kila nishati inapozungushwa kutoka injini kwenda betri na kurudi kwenye magurudumu, sehemu inapotea njiani kama joto. Kuondoka kwa umeme kunapendeza, lakini umeme wa bure ni ule tu uliotokana na kupunguza mwendo.

Kwenye Prius ya kizazi cha tatu angalia ule mchoro wenye sehemu za CHG, ECO na PWR. Katikati ya ECO kuna alama. Kabla ya alama, kwa kawaida gari linajaribu kutumia umeme; ukiivuka, injini inawaka. Ondoka ukiwa umeivuka kidogo, ndani ya ECO, ufikie mwendo wako bila kuchelewa. Ukishaufikia, achia mguu kabisa, kisha rudisha kidogo sana hadi mchoro uwe karibu tupu. Injini imezimika, betri haichaji wala haitoi, gari linaserereka tu. Kwenye barabara tulivu ya mwendo wa 50 au 60 unaweza kurudia hivyo, kusukuma na kuserereka. Ukiwa na gari nyuma yako, acha. Usimfanye mwenzako akuchukie kwa ajili ya nusu lita.

Breki ndiyo pampu yako ya pili. Mota ina kiasi chake cha nguvu inachoweza kukirudisha kwenye betri. Ukikanyaga kwa nguvu, kinachozidi kinakwenda kwenye pedi na kuwa joto. Ukiona taa nyekundu mbele, anza mapema na kwa ulaini. Mita chache za mwisho pedi ndizo zinazosimamisha gari hata ufanyeje.

Herufi B kwenye gia si ya kuchaji zaidi. Inaizungusha injini ili ikusaidie kuzuia gari kwenye mteremko mrefu, na sehemu ya nishati inapotelea humo. Itumie milimani kulinda breki. Na usiteremke kwenye N: haibridi kwenye N haichaji. Mteremko ukiwa mrefu sana betri itajaa katikati, hapo gari lenyewe litaanza kuitupa nishati kwa kuizungusha injini, utasikia mngurumo wa ghafla. Si ubovu.

Hatua ya 8: Barabara kuu na kiyoyozi

Mwenye gari la petroli amezoea kupata namba nzuri safarini na mbaya mjini. Haibridi ni kinyume: Prius ile ya EPA iliandikiwa maili 51 mjini na 48 barabara kuu. Safarini hakuna breki za kuvuna, na injini inafanya kazi karibu muda wote. Hapo adui ni upepo, na upepo hauna urafiki. Kutoka 100 hadi 120 kwa saa, ukinzani wa hewa unaongezeka kwa asilimia 44. Keria au sanduku juu ya paa linaongezea hapo: kwa makadirio ya serikali ya Marekani, sanduku kubwa la paa kwenye mwendo wa kasi hula asilimia 10 hadi 25. Lishushe siku usiyolihitaji.

Kiyoyozi nacho kinaeleweka vibaya. Watu huuliza kinakula kilomita ngapi kwa lita. Kiyoyozi hakijui kilomita, kinajua saa. Tuchukue hesabu ya haraka: kompresa ya umeme siku ya joto inavuta kilowati 1.5. Lita ya petroli ina nishati ya kama uniti 9, lakini ikishapita kwenye injini na jenereta unabaki na uniti mbili na nusu hivi. Kwa hiyo saa moja ya kiyoyozi ni kama nusu lita na kidogo. Safarini kwa mwendo wa 100, unapotumia lita 5 kwa saa, huioni. Kwenye foleni ya mwendo wa 15 kwa saa, ambapo gari lilikuwa linatumia robo tatu ya lita tu, hiyo nusu inakuangusha kutoka 20 hadi 11 na ushee. Gari halijaharibika. Egesha kivulini, fungua vioo dakika ya kwanza hewa ya moto itoke, kisha weka hewa ya mzunguko wa ndani na usishushe nyuzi chini kuliko unavyohitaji. Usikizime kabisa kwenye joto kali lakini, kwa sababu betri inapozwa na hewa hiyohiyo unayoivuta wewe.

Kwenye baridi kali ni mbaya zaidi. Serikali hiyohiyo ya Marekani inakadiria kwamba kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri gari la kawaida linapoteza kama asilimia 15, na haibridi asilimia 30 hadi 34. Hita inataka maji ya moto, na maji ya moto yanataka injini iwake.

Hatua ya 9: Wakati wa kumshuku fundi au betri

Umepima matenki matano, umetenganisha safari, upepo uko sawa, na safari ndefu ya mwendo wa 80 bado inatoa 15 kwenye gari la 21. Hapo sasa kuna ubovu. Nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia hitilafu, iliyo chini ya usukani, ukiunganishe na simu kwa programu kama Torque, Dr. Prius au Hybrid Assistant.

Angalia kwanza joto la maji. Likibaki chini ya nyuzi 70 baada ya nusu saa ya mwendo, thamostati, kilango kinachopitisha maji kwenda rejeta, imekwama wazi, na injini inaendelea kuwaka ikidhani bado ni asubuhi. Ni kipuri cha bei ndogo, na husahaulika kwa sababu mara nyingi gari halionyeshi dalili nyingine ya wazi.

Pili, marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long-term fuel trim), yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini. Yakizidi asilimia 10 juu au chini, kuna sensa chafu, hewa inayovuja, au nozeli za mafuta zenye shida.

Tatu, betri. Prius za kizazi cha pili na cha tatu huonyesha vipande 14 vya betri, kila kimoja na volti yake. Gari likikanyagwa mlimani, vipande vizima hushuka pamoja. Kimoja kikizama chini ya wenzake na kuruka juu wakati wa kuchaji, umempata mgonjwa. Hata bila kifaa utaona: mchoro wa betri unapanda na kushuka vipimo vingi ndani ya dakika chache, feni ya nyuma inapiga kelele, injini haitulii kwenye foleni.

Injini ya 1.8 ya kizazi cha tatu ina jingine ambalo mafundi wa haibridi wanalijua vizuri: mfumo wa kurudisha moshi, EGR, huziba kwa masizi. Gari likitetemeka kwa sekunde chache asubuhi linapowaka, anzia hapo.

Ukienda kwa fundi nenda na daftari. Mwambie: safari ya aina hii ilikuwa inatoa 20 mwezi wa tatu, sasa inatoa 15, na joto la maji ni hili. Sentensi hiyo inamzuia kubahatisha kwa pesa zako. Akishatengeneza, jaza kwenye pampu ileile, sifurisha mita, na usimlipe sifa wala lawama kabla ya tenki la tatu.